Vikundi vya kusaidiana kwa wenye sonona: jirani zetu wa Rakai walifanyaje?

Leo naomba tuongelee jambo ambalo huku kwetu Ngara na Biharamulo watu hulinong'ona tu. Mtu mzima, ana akili zake, lakini wiki zinapita hana raha, usingizi hakuna, chakula hakipiti, hataki hata kuonana na watu. Wataalamu wanaita sonona. Mtaani utasikia "ana mawazo huyo", basi, imeisha. Akizidiwa ndiyo zinaanza habari za kurogwa, au watu wanatania kwamba apelekwe Mirembe, ile hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927 ambayo jina lake limegeuzwa tusi. Utadhani kati ya "mawazo" na Mirembe hakuna kitu katikati.

Kipo. Ni kikundi cha kusaidiana, yaani watu wenye tatizo lilelile wanakutana kwa ratiba, wanaongea. Msicheke jamani. Moja ya tafiti nzito kuhusu jambo hili ilifanyika hapa jirani, Rakai na Masaka nchini Uganda. Ukitoka Kagera ukavuka Mutukula, umeshafika pande hizo.

Wote tunajua UKIMWI ulivyoipiga Rakai tangu miaka ya 1980. Watafiti, Paul Bolton na wenzake, hawakuanza na majina ya vitabuni. Waliwauliza kwanza wanavijiji wenyewe shida zao wanaziitaje, na wakakuta Waganda wana maneno mawili yanayokaribiana na sonona: moja la mtu kujichukia, jingine la mtu kujihurumia. Mimi hapo ndipo niliponasa. Ugonjwa tunaoambiwa ni wa Wazungu ulikuwa na majina yake kijijini siku nyingi tu.

Mwaka 2002 wakachukua vijiji 30, wakapiga kura. Vijiji 15 vikapata vikundi, 15 vikaendelea na maisha kama kawaida. Wanaume walikaa peke yao na wanawake peke yao, na kiongozi alikuwa wa jinsia hiyohiyo. Kiongozi hakuwa daktari! Alikuwa mwenyeji anayejua Kiganda, aliyepewa mafunzo ya wiki mbili. Walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Kila mmoja anaeleza wiki yake ilikuwaje na nini kilimfanya ajisikie vibaya au afadhali, halafu wenzake wanachangia mawazo. Mazungumzo yalizunguka mambo makuu matatu: kufiwa, ugomvi na watu wa karibu, na maisha kubadilika ghafla, mfano mtu kujikuta mgonjwa au mjane.

Matokeo sasa. Mwanzoni asilimia 86 ya waliopangiwa vikundi walikuwa na sonona kali, na wale wengine asilimia 94. Mwishoni ikabaki asilimia 6.5 upande wa vikundi, na 54.7 upande wa pili. Angalieni vizuri hapo, hata wasio na kikundi wengi walipata nafuu, maana huzuni nyingine hupungua yenyewe. Lakini pengo si dogo. Miezi sita baadaye walipimwa tena, ikawa 11.7 kwa 54.9.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hii. Na mwaka 2020, Korona ilipozuia watu kukusanyika, shirika la StrongMinds likaendesha vikundi vyake vya hukohuko Uganda kwa simu. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa kwenye café ukiwaza grupu la WhatsApp, hujakosea njia, ila kuna mambo. Kwetu watu wanajuana. Mmoja akipiga picha ya skrini akairusha kwenye grupu la ukoo, siri yako imefika hadi sokoni kabla ya jioni. Bora watu wachache, kiongozi anayejulikana, na sharti la kutotoa neno nje liwekwe siku ya kwanza. Na kwenye café usisahau kutoka kwenye akaunti yako!

Mimi si daktari, lakini hili nitalisema: kikundi si mbadala wa hospitali. Anayetumia dawa asiziache kwa vile kikundi kinamfariji. Anayesikia sauti wasizozisikia wengine anahitaji matibabu. Na mwenzako akianza kuongelea kujiua, usimwache peke yake, nenda naye hospitali sikuhiyohiyo.

Kukutana si tatizo letu. VICOBA tunakaa kila wiki, vikundi vya kuzikana vipo. Tena Ngara imebeba mengi. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi kama 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo ndani ya siku moja tu, na Benaco ikageuka mji. Sijui kama kuna familia ya huku isiyo na hadithi ya miaka ile.

Kinachonisumbua ni jina, maana "ana mawazo" ni neno dogo mno kwa jambo hili. Wadau mnaojua Kishubi na Kihangaza, hasa mliokulia kwa bibi na babu: mtu wa namna hii wazee walisema ana nini? Andikeni hapo chini, hata bila jina lako.