Molly Ivins: Mathee wa Texas Aliyechoma Waheshimiwa Bila Kuwaogopa

Kama wewe hushinda ukichoma wanasiasa mtandaoni, kuna mathee mmoja lazima umjue. Alifanya hiyo kazi kabla simu ziwe na intaneti, kwa gazeti, jina lake likiwa hapo juu kila mtu aone. Hakujificha nyuma ya akaunti feki. Anaitwa Molly Ivins, mwandishi wa safu za siasa kutoka Texas, Marekani. Alituacha 2007, lakini venye alikuwa akifanya kazi bado ni somo.

Mtoto wa mababi

Molly alizaliwa tarehe 30 Agosti 1944 huko California, akalelewa Houston, Texas, mtaa wa River Oaks. Huko ni ubabini kabisa. Mbuyu wake alikuwa mdosi kwa kampuni ya mafuta na gesi, mtu mkali, na siasa zao hazikupatana hata kidogo. Wengi husema mazoezi ya kubishana na wakubwa aliyapata hapo kwao mezani.

Alisoma chuo cha Smith, akamaliza 1966, kisha akachukua digrii ya pili ya uandishi wa habari Columbia, New York, 1967. Alikuwa mrefu, futi 6 hivi, sauti kubwa, kicheko kikubwa. Ukimwambia mwanamke akae kimya pembeni, huyu hakuwa huyo.

Nguruwe wa makarao

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa Minneapolis Tribune, ambapo alifuatilia stori za polisi, kazi ambayo wakati huo walikuwa wanapewa wanaume. Makarao wa huko walikuwa na nguruwe wao wa kuleta bahati, na wakampa jina Molly. Mwingine angenuna. Yeye alisema hiyo ni moja ya heshima kubwa amewahi kupewa!

1970 alirudi Texas kuhariri Texas Observer pamoja na Kaye Northcott. Hilo lilikuwa jarida dogo lisilo na doo, lakini halikuogopa mtu. Hapo ndio aliwajua wanasiasa vizuri. Bunge la Texas hukutana mara moja kila miaka miwili, siku zisizozidi 140, na Molly alikuwa anakaa humo ndani akisikiliza kila kitu. Alijua nani amelipiwa chakula na nani, mswada gani unasaidia kampuni gani, na nani ataumia. Shika hiyo, kwa sababu ndio siri yake yote: utani ulikuja baada ya homuweki.

New York Times walimshindwa

1976 New York Times wakamchukua. Elvis Presley alipokufa Agosti 1977, tanzia kwenye hilo gazeti iliandikwa na Molly. Baadaye akawa mkuu wa ofisi yao ya Denver. Shida ni kuwa Times walikuwa watu wa tai na lugha ya adabu, na yeye alikuwa anatembea ofisini bila viatu. Utani wake ulikuwa unafyekwa na wahariri. Siku moja akaandika stori ya sherehe ya kuchinja na kunyonyoa kuku, akaweka fumbo lililosikika kama tusi zito. Mdosi mkuu wa gazeti hakucheka. Molly akarudishwa New York, na 1982 akahepa.

Dallas Times Herald wakampa dili tamu: andika unachotaka. Akawachukulia neno lao. Aliandika kuhusu mbunge mmoja wa Dallas kwamba akili yake ikishuka kidogo tu tena, itabidi awe anamwagiliwa maji mara mbili kwa siku kama mmea. Watu wakawaka, wengine wakaacha kununua gazeti. Gazeti nalo halikumruka. Liliweka mabango mjini yakiuliza kama kweli Molly anaruhusiwa kusema hayo. Hilo swali likawa jina la kitabu chake cha kwanza, *Molly Ivins Can't Say That, Can She?*, cha 1991, na kikauza noma.

Times Herald ilifungwa mwaka huohuo. Akaenda Fort Worth Star-Telegram, na mwishowe safu yake ikawa inatoka kwa magazeti karibu 400.

Bush akawa kijichaka

Kwa Kiingereza, *bush* ni kichaka. Molly akamwita George W. Bush *Shrub*, yaani kijichaka, na 2000 akatoa kitabu chenye hilo jina pamoja na Lou Dubose. Lakini ukikisoma, jina ndilo utani. Ndani ni rekodi ya Bush akiwa gavana, jambo kwa jambo.

Si ati alikuwa malaika. 1995 mwandishi Florence King alimnyooshea kidole kwa kutumia maneno yake bila kumtaja inavyofaa, na Molly akaomba msamaha. Pombe pia ilimsumbua miaka mingi.

Sufuria mkononi hadi mwisho

1999 aligunduliwa na saratani ya matiti. Aliitania nayo pia, ila ujumbe wake kwa wanawake haukuwa mzaha: enda upimwe, wacha kuzubaa. Januari 2007 Bush alitangaza kuongeza wanajeshi zaidi ya 20,000 Iraq. Molly, akiwa mgonjwa sana, aliandika akiwahimiza watu watoke barabarani wagonge sufuria hadi vita viishe. Alikata tarehe 31 mwezi huohuo, Austin, akiwa na miaka 62. Bush mwenyewe alitoa taarifa ya kumheshimu.

Aliacha nini?

Kuna filamu ya maisha yake, *Raise Hell*, ya 2019. Na Texas Observer bado iko. Machi 2023 bodi yake iliamua kuifunga kwa kukosa pesa, lakini ndani ya siku chache wasomaji wakachanga zaidi ya dola 300,000 na uamuzi ukafutwa.

Kubwa zaidi aliacha sheria moja ya kuroast: kejeli ni silaha ya mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Ukiielekeza kwa maskini au mgonjwa, huo si ucheshi tena, ni ukatili tu. Kwa hivyo kabla upost, jiulize mambo mawili. Huyu ninayemchoma ako juu yangu ama chini? Na je, nimesoma huo mswada, ama nacheka tu kitambi chake?