Gobore na Mkataba wa Brussels

Wadau, juzi nikiwa Hirbadaw kule Hanang nilimtazama mhunzi wa Kidatoga akifua mkuki, nikakumbuka wahunzi wenzake wa mikoa mingine wanaounda magobore. Kwa nini gobore? Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuuzwa kwa Waafrika, ukaachia nafasi zile za gumegume. Katika Maji Maji, 1905 hadi 1907, magobore na mikuki vilikutana na bombomu za Wajerumani. Leo kuunda gobore bila kibali ni kosa kwa sheria ya silaha ya 2015. Sawa, maana mtutu wa bomba huweza kumpasukia mwindaji mwenyewe. Lakini mikono ile yenye ustadi, tumeipa kazi gani nyingine? Tujadili.