Kinyozi Hajinyoi: Nani Alimfundisha Mhadhiri?

Simu iliingia saa tano usiku, mwishoni mwa Machi 2020. Alikuwa profesa wa idara yetu, mzee niliyemsikiliza kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, miaka mingi kabla sijawa mwenzake. "Mwalimu," aliniambia, na hakuwa amewahi kuniita hivyo hata siku moja, "hii kitu inaniambia sina ruhusa ya kuingia darasani mwangu mwenyewe."

Hii kitu ilikuwa jukwaa la masomo ya mtandaoni la chuo chetu. Lilikuwapo kwa miaka. Sote tulikuwa tumepewa pasiwadi, na wengi wetu tuliisahau kabla chai ya semina haijapoa. Lakini Jumapili ya tarehe 15 Machi, siku mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo. Vyuo vikuu vilipewa hadi Ijumaa ya wiki hiyo. Muda si muda tukapata barua yetu: masomo yaendelee mtandaoni.

Tulikaa kwenye simu na profesa karibu saa nzima. Shida yenyewe ilikuwa ndogo tu: alikuwa akiingia kwa akaunti ambayo haikuunganishwa na somo lake. Ukurasa ulipofunguka alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Usiwaambie wengine."

Nimeyafikiria maneno hayo mawili mara nyingi. Mimi nafundisha historia, na nimezoea kuona historia ya elimu ya mtandaoni ikisimuliwa kwa mashine: setilaiti fulani, waya fulani chini ya bahari, programu fulani. Ni mara chache tunauliza ni nani aliyemfundisha mhadhiri kuitumia mashine hiyo, na huyo mhadhiri alijisikiaje akifundishwa.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mwalimu wa shule ya msingi au ya sekondari hapa kwetu hufundishwa kufundisha: hupelekwa kwenye mazoezi, hukaguliwa akiwa mbele ya ubao, huambiwa amekosea wapi. Mhadhiri huajiriwa kwa sababu ya shahada zake. Akishatetea tasnifu, anakabidhiwa chaki na ratiba, basi. Hufundisha jinsi alivyofundishwa. Kwa muda mrefu hilo halikuonekana kuwa tatizo, maana vifaa vyake vilikuwa sauti, ubao na zile karatasi za manjano ambazo sote tunazijua.

Ufa ulionekana pale chuo kilipotakiwa kumfundisha mtu asiyekuwa ndani ya ukumbi. Mwaka 1967, kwa fedha za Marekani na msaada wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, kitengo cha masomo kwa njia ya posta kilianzishwa katika chuo ambacho baadaye, mwaka 1970, kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wake wakuu walikuwa walimu wa shule za msingi waliotaka kuendeleza masomo yao bila kuacha kazi. Somo lilikwenda kwa barua, na redio ikaongezea. Ghafla msomi wa Nairobi akalazimika kumwandikia mtu anayesoma kwa taa ya koroboi, asiyeweza kuinua mkono na kusema, "Sijaelewa hapo." Mwaka 1986 chuo hicho kikaanza kutoa shahada ya ualimu kwa masafa, na wahadhiri wakarudi tena kwenye kazi ileile ya kuandika moduli.

Kufundisha kwa maandishi kuna jambo moja ambalo mhadhara wa ukumbini hauna: mwenzako anaweza kukusoma. Ukumbini mhadhiri hufunga mlango, na hakuna mwenzake anayejua anafanya nini mle ndani. Moduli hupita mezani kwa mwingine, naye akasema, "Bwana, aya hii hata mimi sijaielewa." Hii ndiyo mbegu ya mambo ninayotaka kuyazungumzia.

Kisha ikaja setilaiti. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika kikiwa mradi wa kuendeshwa kutoka Washington. Mihadhara ilirushwa kutoka ng'ambo, wanafunzi wakakaa mbele ya runinga katika vyuo kama Kenyatta, na aliyekuwa na swali alipiga simu. Makao makuu yake yalihamia Nairobi mwaka 2002. Sisemi mradi huo haukuwa na faida. Ila tazama mhadhiri wa hapa aliwekwa wapi: pembeni mwa chumba, akihakikisha picha haikatiki. Aliyefundisha alikuwa kwenye kioo.

Mwaka huohuo wa 2002, mwezi Agosti, Martin Dougiamas wa Perth, Australia, alitoa toleo la kwanza la Moodle. Inafaa kumjua kidogo, kwa kuwa vyuo vingi vya kwetu vinaishi ndani ya kazi yake hadi leo. Alikulia jangwani, mbali na mji, na utotoni alisoma kwa redio ya masafa mafupi. Baadaye, akisimamia jukwaa la kibiashara liitwalo WebCT katika Chuo Kikuu cha Curtin, alichoshwa nalo na akaamua kuunda lake, liwe huria, mtu yeyote alichukue na kulibadilisha bila malipo. Afrika nayo haikukaa kusubiri. Katika miaka hiyohiyo, Chuo Kikuu cha Western Cape cha Afrika Kusini kiliongoza mtandao wa vyuo vya bara hili, Nairobi ikiwemo, uliotengeneza programu za kwetu. Kiunzi chao walikiita Chisimba, neno la Kichewa cha Malawi lenye maana ya kiunzi cha nyumba.

Nyumba ikawa na kiunzi, lakini barabara ya kufika kwake ilikuwa mbovu. KENET, mtandao wa taasisi za elimu ulioanzishwa mwaka 1999, ulitegemea setilaiti zenye gharama kubwa hadi nyaya za baharini zilipofika Mombasa. TEAMS ilifika ufuoni Juni 2009 na SEACOM ikawashwa Julai. Baada ya hapo vyuo havikuwa tena na kisingizio cha intaneti. Vikanunua seva, vikaandika sera, na vikaita semina.

Semina hizo nimezikalia. Unaingia asubuhi kwenye maabara ya kompyuta, unapewa chai na mandazi, fundi wa kompyuta anasimama mbele na kiashirio. Bofya hapa, bofya pale, mmeelewa? Tumeelewa. Saa kumi unapewa cheti. Wiki mbili baadaye, ukiwa peke yako ofisini, hukumbuki hata kitufe kimoja, na ukurasa wa somo lako una jina lako na kichwa cha habari tu, mtupu kama uwanja wakati wa likizo. Kosa halikuwa la fundi. Yeye aliijua mashine, lakini hakuwahi kusahihisha karatasi 300 za insha, wala hakujua kwa nini swali la kuchagua jibu linaweza kuua somo la historia. Sisi nasi hatukuuliza. Profesa gani atainua mkono mbele ya wenzake, na mbele ya kijana aliyemfundisha juzi, aseme hajui kupakia faili?

Ndiyo maana miradi kadhaa ya ukanda huu ilianza kujaribu njia nyingine. Mmoja ulikuwa TESCEA, uliofanya kazi kati ya 2018 na 2021 katika vyuo vya Mzumbe na Dodoma nchini Tanzania, na Gulu na Uganda Martyrs nchini Uganda, huku chama cha Kenya cha kuboresha ufundishaji vyuoni, AFELT, kikiwa miongoni mwa washirika. Lengo lake lilikuwa pana kuliko kompyuta: kuyasuka upya masomo ili mwanafunzi ajifunze kufikiri na kutatua matatizo. Lakini mbinu yake ndiyo inayonihusu. Wahadhiri wachache katika kila chuo walipewa mafunzo, kisha wao wakawafundisha wenzao. Waliitwa wazidishaji. Mradi mwingine, PEBL, chini ya Muungano wa Vyuo Vikuu vya Jumuiya ya Madola, uliwaleta pamoja wahadhiri wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda kuandaa masomo ya mseto ambayo vyuo vingeweza kushirikiana kuyatumia.

Idara yetu haikuwa na mradi wala mfadhili. Tulikuwa na mhadhiri mmoja wa muda, mwanamke mdogo kuliko wengi wetu, aliyelipwa kwa saa na aliyelijua jukwaa kwa sababu alifundisha vyuo vitatu na asingeweza kuwa kila mahali. Wiki ya pili ya Aprili aliniandikia: "Daktari, tuanze na watu watano tu. Kila mtu alete somo lake la kweli." Tukaanza Jumatano jioni kwa simu.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi, na ninauandika hapa kwa sababu sijauona kwenye ripoti yoyote ya chuo chetu. Jambo moja kwa wiki, si zaidi. Wiki ya kwanza, weka mpango wa somo na ujumbe wa kuwakaribisha wanafunzi. Ya pili, zoezi moja na tarehe ya mwisho. Ya tatu, maswali kumi katika benki ya maswali. Kila mmoja alipewa mwenzake, na huyo mwenzake aliingia kwenye somo lako kama mwanafunzi, akajaribu kufanya zoezi, kisha akakwambia alikwama wapi. Mimi niligundua kwamba nilikuwa nimewafungia wanafunzi wangu wote mlango kwa kusahau kubofya kitufe cha kuonyesha ukurasa.

Yeye ndiye pia aliyetukataza video. "Mwanafunzi wako yuko kijijini," alisema, "anapanda mlima kutafuta mtandao, na bando yake ni ya shilingi 20. Ukimpa video ya saa moja umemfukuza shule." Tukarekodi sauti za dakika tano na kuandika muhtasari wa kurasa mbili. Fundi wa kompyuta asingeweza kutuambia hivyo. Aliyetuambia ni mwalimu mwenzetu, aliyewajua wanafunzi walewale tuliowajua sisi.

Profesa hakujiunga mwanzoni. Aliendelea kunipigia usiku, kwa siri, hadi siku moja nikasafiri na simu yangu ikawa haishikiki. Jumatano hiyo akaingia kwenye kikao bila taarifa, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Jamani, mimi mwezi wa tatu nilishindwa hata kuingia darasani." Kukawa kimya. Kisha mwingine akasema, "Hata mimi, Prof." Na mwingine. Nadhani hapo ndipo idara yetu ilipoanza kufundisha mtandaoni, si siku ile ya barua. Kikundi cha watu watano kilifika kumi na wanne.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Vyuo vilipofunguliwa, wengi walirudi kwenye ubao, na kurasa nyingi zikabaki kama zilivyoachwa. Serikali nayo imesonga mbele: Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilizinduliwa Konza Agosti 2023, na masomo yake ni ya mtandaoni. Tanzania ilianzisha chuo chake huria tangu 1992. Kwa hiyo mhadhiri wa Kenya atazidi kutakiwa kufundisha asikoonekana, na swali la nani atamfundisha litarudi kila mara programu ikibadilika.

Na jibu tunalo, ila hatutaki kulilipia. Mkataba wa yule mwenzetu uliisha mwaka 2021 na haukuongezwa. Aliniomba barua ya kumpendekeza kwingine. Nilipojaza fomu niliona visanduku vya vitabu, makala, makongamano na fedha za utafiti alizoleta. Hapakuwa na kisanduku cha watu kumi na wanne waliojua kufundisha kwa sababu yake. Niliandika pembeni, kwa kalamu, mpaka karatasi ikaisha.

Tukiendelea kuhesabu seva na kusahau watu wa aina hii, kila dharura itatukuta tukipigiana simu usiku na kuambiana tusiwaambie wengine. Chuo kinachotaka wahadhiri wafundishane kiwape saa za kufanya hivyo, kiwalipe walio na mikataba ya muda, na kazi hiyo ihesabiwe siku ya kupandishana vyeo. Hayo hayahitaji waya mpya chini ya bahari.

Mimi nimebaki na sauti zake kwenye simu. Moja ni ya dakika nne, ya namna ya kuunda benki ya maswali, na nyuma yake jogoo anasikika akiwika. Mwezi uliopita niliituma kwa mhadhiri mpya wa idara. Alinijibu siku hiyohiyo: imefanya kazi. Kisha akauliza, huyu mwalimu ana ofisi jengo gani, angependa kwenda kumshukuru.