Lwiro: Waliobaki na Vitabu

Taasisi ya elimu haifi waanzilishi wake wanapoondoka. Hufa vitabu vyake vinapopotea pamoja na wanaovitunza. Historia ya Lwiro, kituo cha utafiti cha Kivu Kusini nchini Kongo, inathibitisha hilo. IRSAC, Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi katika Afrika ya Kati, ilianzishwa na Wabelgiji tarehe 1 Julai 1947, na mkurugenzi wake wa kwanza, Louis van den Berghe, bingwa wa magonjwa ya nchi za joto, aliweka makao makuu huku Kabare, ukishapita Kavumu. Ilikuwa miaka ya neema. Kati ya Ziwa Kivu na msitu wa Kahuzi zilisimama maktaba, maabara na mitambo ya kupima mitetemeko ya ardhi. Stesheni za Uvira, Astrida, Elisabethville na Mabali zote ziliongozwa kutoka hapo. Jan Vansina, aliyewafanya wanahistoria wa dunia wayaheshimu masimulizi ya wazee wetu, aliajiriwa na taasisi hii mwaka 1952. Urs Rahm, Mswisi, alikusanya wanyama wa Kivu, hata wale wadogo wa kuenea kiganjani. Madaktari nao walichunguza utapiamlo wa watoto waliovimba miguu na kugeuka rangi ya nywele, na hospitali ya watoto ya Lwiro ni tunda la kazi hiyo.

Wapo wasemao kwamba hiyo ilikuwa nyumba ya mkoloni, haifai kuadhimishwa. Kuhusu mwanzo wake, wana haki. Lakini Wabelgiji wengi waliondoka baada ya 1960, na katika miaka ya vita iliyoanza 1996 ni Wakongomani waliobaki na funguo, mara nyingi bila mshahara. Hao ndio ninaowashukuru kwanza. Mengine ya taasisi hiyo yanajulikana: jina lake jipya la CRSN (Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia), kituo cha volkeno cha Goma kilichotokana nayo, makao ya sokwe yatima yaliyopo Lwiro tangu 2002.

Wengine hututajia Nalanda ya India, chuo cha Wabuddha alikosoma Xuanzang katika karne ya 7. Kiliharibiwa mnamo 1200, na chuo kipya chenye jina hilo kikaanza kufundisha 2014. Basi Lwiro nayo isubiri, wanasema. Hapana. Maktaba ya Nalanda iliangamia, na hakuna sheria wala fedha iliyoweza kuirudisha. Yetu bado ipo, na msomi wa Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Vyuo vikuu vya Bukavu viwapeleke wanafunzi wao huko, na wafadhili waanze na mishahara ya watunzaji kabla ya kupaka kuta rangi.