Nyutro ya kuchangia

nyutro *nomino* (ngeli ya I-/ZI-). Waya unaorudisha mkondo wa umeme kwenye chanzo chake baada ya kupita katika taa au kifaa. Neno limetoholewa kutoka Kiingereza, sawa na *laivu* (waya unaoleta umeme) na *ethi* (waya wa ardhi). *Nyutro ya kuchangia* ni nyutro moja inayotumiwa na saketi mbili au zaidi.

Matumizi. Kitenzi kifaacho ni *kuchangia*, yaani kutumia kitu kimoja kwa pamoja, kama wapangaji wachangiavyo choo. *Kuchanganya* hudokeza kuunganisha nyaya kimakosa.

*Mfano:* Taa za sebuleni na soketi za jikoni zinachangia nyutro.

Ufafanuzi. Swichi ya kinga dhidi ya mvujo hulinganisha mkondo unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifikia kiwango kilichowekwa, ambacho majumbani kwa kawaida ni miliampia 30, hukata umeme. Saketi mbili zenye swichi tofauti zikichangia nyutro, mkondo uliokwenda kupitia swichi moja huweza kurudi kupitia nyingine. Swichi huuhesabu kuwa umevuja, ikakata ingawa hakuna kifaa kibovu.

Mwenye nyumba wa Nzuguni, Dodoma, hapo atamwambia fundi, "Kuna shoti." Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo hubeba maana tatu: laivu kugusana na nyutro, umeme kuvuja kwenda ardhini, na mtu kurushwa na umeme. Fundi atatafuta nyaya zilizogusana asizione. Kishawishi cha kuiondoa swichi huanzia hapo. Ikiondolewa, nyumba hukosa kinga ya kumwokoa mtoto atakayegusa friji lenye hitilafu.

Kwa wafasiri. Katika miongozo ya umeme, *shoti* itengwe kwa maana ya kwanza, *mvujo* kwa ya pili, na *kupigwa na umeme* kwa ya tatu. Nyutro isiitwe "waya wa ardhi": kazi zake na za ethi ni mbili tofauti. Tena, "zima swichi" haitoshi. Saketi moja ikizimwa, nyutro ya kuchangia huendelea kupitisha mkondo wa nyingine. Ikikatwa, ncha yake huweza kuua. Iandikwe: "Zima mein swichi, kisha pima."

Tazama pia: ethi, laivu, mvujo, saketi, shoti.