Mifupa ya Mfalme – Sehemu ya Tatu

Wiki iliyopita tulimwacha Kimon, jemadari wa Athens, akikitia mkononi kisiwa cha Skyros. Maharamia wa Kidolopi kwisha habari yao. Walionusurika wanauzwa utumwani.

Ukadhani hadithi imeisha? Subiri kwanza.

Kimon anatafuta maiti.

Maiti ya nani? Ya Theseus, msomaji wangu, yule yule aliyemuua Minotauro kule Krete! Wazee walisimulia kwamba watu wake walipomgeuka, aliikimbia Athens akaja Skyros. Mwenyeji wake, Mfalme Lycomedes, akampandisha jabalini, eti amwonyeshe mashamba yake.

Msukumo mmoja tu.

Athens wala haikushtuka. Miaka nenda, miaka rudi.

Mpaka mwaka 490 KK, vitani Marathon. Askari waliapa kwamba walimwona Theseus, silaha mkononi, akiwatangulia kuwavaa Waajemi! Vita na Waajemi vilipotulia, kwenye hekalu la uaguzi la Delphi nako kukatoka agizo: irudisheni mifupa ya mfalme, izikeni kwa heshima, itunzeni.

Haya, niambie, ungeanzia wapi kuchimba? Kisiwa ni mawe matupu, na wenyeji uliowateka jana ndio uwaulize lilipo kaburi? Mimi nisingekuonyesha ng'o.

Na Kimon harudi mikono mitupu, anajua kinachomngoja. Baba yake, Miltiades, ndiye aliyeshinda Marathon. Mwaka uliofuata akashindwa kukiteka kisiwa cha Paros, basi! Alitozwa faini ya talanta 50, akafia gerezani. Aliyekuja kulilipa deni hilo ni huyu huyu Kimon.

Sasa unaelewa kwa nini macho hayatulii?

Ndipo akamwona tai.

Ametua juu ya tuta, anadonoa udongo, anauparura kwa kucha. Mwingine angesema ndege kaona panya. Kimon akasema ni ishara. (Mwenye shida huona ishara haraka, au siyo?)

"Chimbeni hapa!"

Wakachimba. Kwanza ukatokea mkuki wa shaba. Kando yake, upanga. Kisha jeneza, tena si la kawaida: refu, kubwa, la mtu ambaye hakuna hata mmoja pale angemfikia begani.

Kimon akainama.

Na nikudokeze: mifupa hiyo ikifika Athens, watakaoifurahia kuliko mabwana wakubwa ni watumwa. Wana nini na mfalme aliyekufa?

Jumamosi ijayo, tukijaliwa.