Michezo ya Montessori nyumbani: muzazi anaweza kuanza na vitu vya jikoni

Kalemie, wazazi wengi wakisikia jina Montessori wanafikiri ni masomo ya watajiri. Mwanzo wake haukuwa hivyo. Tarehe 6 januari 1907, Maria Montessori, daktari mwanamuke wa Italia, alifungua nyumba ya watoto San Lorenzo, kartie ya wafanyakazi maskini mjini Roma. Aliona kama mutoto akipewa kazi ya kweli yenye kulingana na mikono yake, anaishika kwa utulivu na kuirudilia mara nyingi bila kulazimishwa.

Jambo hilo linagusa wengi. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya masomo ya msingi ya serikali, maternele inalipiwa. Wenye hawana franka, mutoto wao wa miaka mitatu ao mine anabaki nyumbani.

Kazi nyepesi ya kuanza ni kumimina maji. Makopo mawili ya plastiki ndani ya sahani pana, maji kidogo. Muzazi anaonyesha polepole, bila maneno mengi, kisha anamuachia. Maji yakimwangika, mutoto mwenyewe anaona kosa. Anapewa kitambaa apanguse, hapana kumugombeza. Lakini maji yawe yenye kutiwa dawa, si ya kuchota tu ziwani ao ku Lukuga, juu atayapeleka mudomoni, na kolera haijaacha kurudi Kalemie. Na asiachwe peke yake karibu na beseni yenye maji.

Kuchagua maharagi kwa rangi kunapendeza pia, ila si kwa mwenye hajafikisha miaka mitatu: anaweza kuyaingiza puani ao yakamukaba koo. Huyo akunje kitambaa, ao afagie na kafagio kafupi.

Majina yanafundishwa kwa hatua tatu, na samaki wa kweli anapita picha. “Huyu ni ndagala, huyu ni mukeke.” Kisha: “Nionyeshe mukeke.” Mwisho: “Huyu ni nani?” Akikosea, muzazi hamukosoi, anaanza tena siku ingine.

Karibu na miaka mine, herufi zinaandikwa kwa muchanga uliobandikwa juu ya karto. Mutoto anazipitisha kidole akitaja sauti, “mmm”, si “emu”.

Kigumu ni muda, hasa kwa mama mwenye kushinda sokoni. Dakika kumi asubuhi zinatosha, na mukubwa wake anaweza kuendelesha. Vitu vikae ndani ya karto ya chini, mbali na mbabula. Mutoto arudishe kimoja mbele ya kubeba kingine.